Kabati la Chuo Ukutani kwa Mjomba

Nyuma ya jengo la utawala, pale tunapokatiza kwenda kantini, kuna mlima wa samani. Wote mnaujua. Viti visivyo na migongo, meza zilizovimba kwa mvua, makabati ya mafaili ambayo droo zake zimegoma. Nilipofika hapa mwaka wa kwanza niliukuta. Sasa niko mwaka wa tatu na bado upo. Mara moja moja lori linakuja, linaupunguza, halafu unaota tena. Ndani yake kuna paka mwenye watoto, na masika yakianza, kuna mbu.

Nimeupita mlima huo miaka miwili bila kuuwaza. Aliyenifanya niuwaze ni mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa chuoni.

Mjomba ni fundi pikipiki Mbagala. Gereji yake ni fremu moja ya mita 3 kwa 4. Bodi ya Mikopo inalipa sehemu ya ada yangu. Inayobaki inatoka kwenye fremu hiyo, pamoja na nauli, na hela ya kula siku bumu likikata kabla ya mwezi. Kwa hiyo gereji ikiyumba na mimi nayumba. Likizo ndefu ya mwaka jana ikayumba kweli.

Shida ilikuwa nafasi. Ndani ya fremu kila kitu kilikaa chini: cheni, sproketi, tyubu, makopo ya oili, ndoo za nati, kabureta tatu za watu ambao hatujui kama watarudi. Asubuhi mjomba alivitoa barazani ili apate pa kuinamia, jioni alivirudisha. Siku moja mwenye fremu akaja. Wapangaji wenzake wanalalamika, akasema, wateja wa saluni ya jirani wanaruka spana ili waingie kusukwa. Akampa mwezi mmoja. Kila kitu kiwe ndani, la sivyo atafute pengine. Na pengine maana yake ni kodi ya miezi sita mbele. Hela ya namna hiyo mjomba alikuwa nayo moja tu, na ilikuwa ada yangu.

"Mwalimu," aliniambia. Ananiita hivyo tangu nipate udahili, nusu utani nusu fahari. "Wewe umesoma. Hebu niambie, pikipiki tatu, mimi na huyu kijana wangu tunaeneaje humu?"

Nikaangalia. Sakafu imejaa. Kuta zote nne tupu, zina kalenda moja tu.

Kabati lenye namba

Mtaa wa pili kutoka gereji kuna mnunuzi wa vyuma chakavu. Tulikwenda kutafuta mabati ya kutengenezea rafu, tukakuta kabati la mafaili la droo nne, la chuma, limelazwa juu ya mapanga ya feni. Muuzaji akalipandisha kwenye mizani: kilo 40. Baada ya kubembelezana sana tukalipa 36,000. Tulipoligeuza ili liingie kwenye guta, nikaona ubavuni herufi nyeupe zilizoandikwa kwa brashi. Kifupi cha jina la chuo chetu, mkwaju, namba ya ofisi, mkwaju, namba ya kabati.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuna mtu aliiba. Inawezekana kabisa kabati lile lilifutwa kwenye daftari, likauzwa kwa mnada halali, likapita mikono mitatu mpaka likafika Mbagala. Kilichoniuma ni kwamba lilikuwa zima. Droo moja tu ilikuwa imetoka kwenye reli, na ugonjwa wake ulikuwa gurudumu dogo la plastiki lililopasuka. Kutu ilikuwa upande mmoja, upande uliolala mvuani. Chuo kilinunua kabati, kikaja kuuza kilo za chuma. Tofauti ya hela iliyo kati ya vitu hivyo viwili tumeilipa sisi, kwa ada zetu na kodi za wazazi wetu.

Ukuta ulivyonifundisha

Sasa nieleze tulichofanya, maana naogopa makala zinazosema "tutumie vitu upya" halafu zisiseme vipi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kwangu, na lilikuwa la kijinga. Nilichomoa droo moja, nikaipigilia ukutani kwa misumari minne ya inchi 4, nikaijaza sproketi, nikapiga picha, nikaweka status. Ilikaa siku mbili. Siku ya tatu, saa sita mchana, ilishuka na mzigo wake wote juu ya tangi la pikipiki ya mteja. Kijana wa mjomba alikuwa ameinama palepale dakika moja kabla. Nikikumbuka hilo mpaka leo mikono inakufa ganzi. Tangi lilibonyea na mjomba akalipa 40,000, zaidi ya bei ya kabati. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, msumari umeshika lipu. Haukushika ukuta."

Hilo ndilo somo la kwanza. Lipu ni ngozi. Nyuma yake kuna tofali, na tofali nyingi za mitaani kwetu zimefyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kubania. Ukipiga msumari unalipasua tofali, kisha unatundika mzigo kwenye mpasuko.

Jaribio la pili tulilifanya pamoja. Kwanza mjomba alimwomba mwenye fremu ruhusa ya kutoboa ukuta wa nyuma, ule unaopakana na kichochoro. Akakubali kwa sharti kwamba siku tukihama tuzibe. Tukachukua mbao mbili za mbili kwa nne, tukazilaza ukutani, moja usawa wa kifua na nyingine juu ya kichwa. Hatukutumia msumari hata mmoja. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea bolti za sentimita 25. Tofali la inchi 6 na lipu na mbao vyote vinapitiwa, na upande wa kichochoroni kila bolti inakazwa juu ya kipande cha bati nene. Hapo mzigo hauning'inii tena kwenye tundu. Unagawanyika kwenye mbao nzima, na mbao imeukumbatia ukuta pande zote mbili.

Halafu droo. Kabla ya kufunga mbao, seremala alikuwa amepasua ukingo wa juu wa kila moja kwa mlalo wa nyuzi 45, mteremko ukaelekea ukutani. Kila droo tukaifunga kipande cha mbao kilichopasuliwa vivyo hivyo, ila kimegeuzwa. Ukiipandisha droo, mbao yake inaingia nyuma ya mbao ya ukutani na kukaa. Hakuna skrubu ya kufungua. Mzigo ukiongezeka, droo inazidi kuubana ukuta. Ukitaka kuihamisha unaiinua tu.

Droo yenyewe tuliisimamisha ili kitako chake kiwe mgongo na mdomo utazame chumbani. Kwa kuwa bati la kitako ni jembamba, tuliliweka katikati ya mbao mbili, moja ndani na moja nje, skrubu zikapita zote. Droo iliyozaliwa kubeba mafaili, na faili zikijaa ni zaidi ya kilo 20, haioni taabu kubeba brekshuu na plagi. Hata hivyo tulijiwekea sheria: betri na injini hazipandi ukutani kamwe. Kizito chini, chepesi juu.

Mbavu za kabati zikakatwa, kingo zikapigwa tupa zisikate mtu, tukazitoboa matundu ya safu na kuingiza vijiti vya chuma vya kutundikia spana. Hapo nitoe tahadhari. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usikwangue ndani wala ukavu. Sisi tulikwangulia nje, tukilowesha maji, nguo puani, watoto wakiwa mbali.

Mwisho kulikuwa na meza ya ofisi tuliyopewa na jirani aliyefunga duka lake la steshenari. Uso wake ni ule ubao wa maunga ya mbao na gundi, ambao ukinywa maji unavimba na skrubu ukingoni haishiki. Tukaukata nusu, tukaufunga bawaba ukutani kwa bolti zinazopita katikati ya ubao, siyo ukingoni, tukaushikilia kwa cheni mbili kuukuu za pikipiki. Kukiwa na kazi ya kabureta unashushwa. Pikipiki ikiingia unapandishwa.

Gharama zote, ukiweka na tangi la yule mteja, hazikufika 200,000. Siku ya 29 mwenye fremu alikuja, akasimama mlangoni, akatazama juu, akatazama chini. Pikipiki tatu ziko ndani na kijana anapita katikati bila kuruka kitu. Hakusema neno. Alipokea kodi yake akaondoka. Wiki iliyofuata nililipa ada.

Ofisi ya mali ina hoja

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda ofisi inayoshughulika na mali. Nilitaka kuuliza kwa nini mlima ule tusipewe. Nilimkuta mama mmoja mtaratibu. Baada ya shikamoo na marahaba alinikalisha na kunieleza, na nakiri nilitoka nikiwa nimepunguza hasira.

Mali ya umma, alisema, haitolewi kwa maneno ya mdomo. Kila kiti kina namba, kila namba ina mstari kwenye daftari, na kuufuta mstari huo kunahitaji ukaguzi na kibali. "Mwanangu, nikikupa wewe kabati leo kwa sababu una nia njema, kesho atakuja mwingine asiye na nia njema. Na keshokutwa viti vipya vitaanza kuchakaa kabla ya wakati wake."

Ana haki. Tunajuana. Wapo kati yetu ambao wangevunja mguu wa kiti kizima ili kiingie kwenye orodha ya vibovu. Kwa hiyo siombi mlango ufunguliwe, kila mtu abebe anachotaka. Hoja yangu ni kuhusu kile kinachotokea wakati kibali kinasubiriwa. Utaratibu unalinda daftari lakini haulindi kabati. Mstari unabaki salama kwenye karatasi miezi na miezi, huku chenyewe kinalala nje na kuliwa na kutu, mpaka siku kibali kinapotoka kitu cha kuokoa hakipo tena. Mali ambayo imelindwa hadi ikaoza imepotea sawasawa na iliyoibwa. Tofauti ni kwamba hakuna wa kumkamata.

Naomba mambo manne, na yote yanawezekana ndani ya utaratibu uleule.

La kwanza, paa. Samani zinazosubiri kibali zikae chini ya bati, hata kama ni banda la nguzo sita. Banda halihitaji kufuta mstari wowote.

La pili, ukaguzi ufanyike kila mwisho wa mwaka wa masomo, na mwakilishi wa serikali ya wanafunzi awepo. Zigawanywe mafungu matatu: zinazotengenezeka, zinazofaa kwa vipuri, na zilizokufa kabisa. Leo zote zinaitwa kwa jina moja, chakavu, na kabati lenye ugonjwa wa gurudumu moja linatupwa pamoja na kiti kilichoungua.

La tatu, zinazotengenezeka zibaki na kazi. Vyumba vya hosteli yetu vina wanafunzi wanne na kabati mbili, vitabu viko chini ya kitanda. Droo ukutani, ikifungwa na fundi wa chuo kwa bolti za kweli na siyo misumari yangu, namba yake ikabaki daftarini vilevile, haijatoka mikononi mwa chuo. Imehama ofisi tu. Zinazozidi zihamishwe kwa maandishi kwenda shule za jirani.

La nne, zile ambazo lazima ziuzwe ziuzwe kwa mafungu madogo, na tangazo libandikwe mbao zote za matangazo na mtaani. Lori zima ananunua mwenye lori. Kabati moja angeweza kulinunua mama lishe wa getini, au fundi wa Mbagala, na chuo kingepata zaidi ya bei ya kilo.

Sisi wa elimu hasa

Wenzangu wa kitivo cha elimu, hili linatugusa zaidi. Muhula uliopita tulikaa kwenye mtihani wa misingi ya elimu tukajibu swali kuhusu Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967. Nilijaza kurasa tatu kuhusu shule inayounganisha kichwa na mikono. Dirisha nililokaa karibu nalo linatazama ule mlima. Niliandika kurasa tatu bila kugeuza shingo.

Na siyo historia tu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Tutapangiwa shule ambako mwanafunzi wa miaka 15 atatakiwa kujifunza kazi ya mikono, na wengi wetu hatujawahi kushika bisibisi. Mimi mwenyewe nimejua tofauti ya lipu na ukuta nikiwa na miaka 21, kwa gharama ya tangi la mtu. Afadhali nimejua kabla sijasimama mbele ya watoto 60.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka wa kwanza, shule niliyopangiwa haikuwa na kabati hata moja katika ofisi ya walimu. Madaftari yalipangwa sakafuni kwa madarasa, na mchwa walianza kusahihisha kabla yetu. Zaidi nyuma, mwaka 2016, nilikuwa darasa la saba. Elimu bila ada ilikuwa imeanza Januari ile, watoto wakaja kwa wingi, na nchi nzima ikahangaika kutafuta madawati. Dawati letu la watu watatu tulikaa watano, mimi nikiwa wa pembeni, nusu ya mwili hewani. Mtu aliyeandikia mtihani katika hali hiyo anapita vipi kando ya meza 30 zinazolowa, anunue chapati, arudi darasani kujadili upungufu wa vifaa?

Anapita vizuri tu. Nimepita miaka miwili.

Najua kuna atakayesema mambo ya kuokoteza ni ya watu wenye shida. Mwenzangu mmoja wa chumbani aliniuliza kama sioni aibu kuwapostia watu makabati ya jalalani. Nilimjibu kwamba aibu niliipata siku moja tu, siku droo ilipodondoka. Kutengeneza vibaya ndiko kunakoaibisha, na ndiyo maana nataka tufundishwe.

Kwa hiyo upande wetu nao una kazi. Viti vya ukumbini havivunjwi na mvua, tunavivunja sisi kwa kuegemea miguu miwili ya nyuma. Na serikali ya wanafunzi ikipeleka hoja hii, isiende mikono mitupu na neno "tunaomba". Iende na majina ya wanafunzi walio tayari kukaa banda hilo Jumamosi mbili kila mwezi, chini ya fundi wa chuo, kukaza, kubadili magurudumu, kupiga tupa. Jina langu liwe la kwanza. Nina bisibisi mbili na drili ya kuazima.

Mwezi uliopita nilikwenda gereji kumsalimia mjomba. Ameipaka rangi ya bluu rafu nzima, imependeza. Ubao wa spana tu ndio ameuacha na sehemu moja ya kijivu, yenye zile herufi nyeupe na mikwaju yake. Nikamuuliza kwa nini hakupaka pale.

"Niache," akasema. "Wateja wanauliza hii imetoka wapi. Nawaambia mtoto wangu anasoma huko."